Muhogo Darasani

Msinicheke sana, maana nimeshajicheka mwenyewe mpaka nimechoka.

Tangu nihamishwe kutoka Moshi kuja kufundisha hapa Kisarawe, ninayezungumza naye zaidi ni kuku wa jirani. Kwa hiyo somo la jana nililiandaa kwa moyo wote. Nilichemsha muhogo asubuhi, nikampa kila mwanafunzi kipande.

“Tafuneni polepole bila kumeza,” nikasema. “Mate yana dawa inayogeuza wanga kuwa sukari. Mtaona muhogo unavyozidi kuwa mtamu.”

Hakuna aliyetafuna. Zuberi akanyoosha mkono, nikamwambia maswali ni baada ya kutafuna. Wakatazamana, vipande mikononi. Mimi nikaona ni dharau tu, kwa kuwa ni mgeni. Basi nikajaza mashavu yote mawili mbele yao, nikawa natafuna huku nimefumba macho, natikisa kichwa kwa utamu.

Nilipofumbua macho, Mzee Kondo, babu yake Zuberi, aliyekuwa akipita njia, alikuwa amesimama mlangoni. Nilitaka kumpa shikamoo, zikatoka chembe za muhogo.

“Mwalimu,” akasema kwa upole, “watoto wamefunga. Mwezi wa Ramadhani ulionekana jana jioni, mji mzima ukashangilia. Kwani hukusikia?”

Nilisikia. Vigelegele vilifika mpaka chumbani kwangu. Nilidhani ni harusi nyingine ambayo sikualikwa, nikafunga dirisha, nikalala.