Konokono wa Mlima Corliss

Ardith Haugen alishika usukani wa lori la matairi kumi na nane mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe. Binti yake alikuwa na miaka minne. Mtoto akabaki kwa bibi yake, naye Ardith akawa anabeba viazi kutoka Idaho kwenda Montana mara mbili kwa wiki, akivuka Mlima Corliss akienda, na kuuvuka tena akirudi kumlaza mwanawe.

Miaka ile ya sabini kila dereva alikuwa na redio ndogo ya kuongea na wenzake, na huko redioni hawakuitana majina ya wazazi. Kulikuwa na Jogoo, kulikuwa na Mzee Baridi, na Mkono Mmoja ambaye mikono yake yote ilikuwa mizima. Askari wa barabarani walikuwa dubu. Na jina hujipi. Unasubiri wenzako wakuone una kituko gani, ndipo wakubandike.

Ardith hakulijua hilo. Siku ya kwanza alijitambulisha kuwa yeye ni Malkia wa Corliss. Redio ikanyamaza hata akadhani imekufa. Kisha akasikia sauti nzito ya Jogoo.

"Malkia, tumekusikia. Sisi raia wako tuko nyuma yako tangu asubuhi. Tunaomba ruhusa ya kufika nyumbani kabla ya Krismasi."

Kweli alikuwa mbele yao, akishuka polepole. Baba yake, dereva wa magogo, alimfundisha kushuka kwa gia ile ile ya kupandia, na breki aiguse kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa, kidogo tu, kisha aondoe. Wengine walishuka kwa breki na bahati. Kabla jua halijazama akawa ameshabandikwa jina: Konokono.

Lilimuuma. Kwa miaka miwili hakuitikia. Walipoita Konokono alinyamaza, na yeye alipoita kwa jina la Ardith kuuliza hali ya barabara, wao walinyamaza. Hakuwa na haja ya kupendwa na watu wale. Alitaka kitu kimoja tu, akiita, ajibiwe kama dereva.

Asubuhi moja ya Machi ukungu ulifunika mlima mzima. Ardith alishuka akihesabu kona, kama kawaida yake. Kwenye kona ya saba aliona kitu cheusi, akasimama hatua kumi tu kutoka kwenye trela la kubebea mbao lililolala ubavu, limeziba barabara yote. Dereva wake alikuwa amekaa chini, kashika mkono uliovunjika. Ardith alimvika koti lake, akamsogeza pembeni, akakimbilia redio. Nyuma yake, kwa alivyosikia redioni, malori manane yalikuwa yanashuka.

"Ardith hapa. Simameni, njia imezibwa."

Jogoo alikuwa anasimulia habari za mama mkwe wake. Watu wanacheka. Ardith akaita tena, sauti yake ikapita kama haikuwepo. Akabonyeza tena kitufe cha redio.

"Konokono hapa. Konokono anaita."

Kicheko kikakatika.

"Kumbe una sauti, mama," Jogoo akasema.

"Jogoo, uko kona ya ngapi?"

"Nimetoka ya tatu, nadhani. Sioni hata pua ya gari."

"Breki zako vipi?"

"Zinanuka kama zinaungua."

"Ziache. Kuna gari limelala kona ya saba, na mimi nipo hapa na majeruhi. Ukimaliza ya tano, ukuta wa jabali uko kuliani kwako. Ukiisha tu, hesabu mpaka sita, kisha kata kulia. Ni lile tuta la changarawe la kusimamishia magari yaliyokosa breki."

"Dada, silioni."

"Huna haja ya kuliona. Mimi nimelipita polepole miaka miwili. Hesabu."

Akahesabu naye, moja mpaka sita. Halafu ikasikika changarawe ikinguruma huko juu, na baada yake kimya.

"Nimesimama," Jogoo akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si yake.

Malori saba yaliyobaki Ardith aliyashusha moja moja kwa gia ndogo kabisa, akiyaambia kila kona kabla hayajaifikia, mpaka yakasimama salama nyuma ya lake. Hakuna aliyebisha.

Mchana, barabara ilipofunguliwa na majeruhi kupelekwa hospitali, Jogoo aliingia kwenye mkahawa wa chini ya mlima, kofia mkononi. Jina lake halisi lilikuwa Clell Boothe, pande la mtu. Alisema wameshauriana, na kwa mara ya kwanza wanamruhusu dereva achague jina mwenyewe. Akitaka, awe Malkia.

Ardith alikuwa anakula mayai yake. Akamtazama.

"Malkia alimshusha nani leo?"

"Hakuna."

"Basi niachieni langu."

Mkahawa mzima ukapiga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka. Alipoondoka aliuliza redioni hali ya barabara ya Missoula, wakamjibu watu watano kwa mpigo, wakigombania nani aanze.

Toka wiki ile madereva wa Corliss wakawa wanaambiana, shuka kikonokono. Neno likapanda malori, likaenda. Miaka saba baadaye Ardith, ambaye sasa alibeba mizigo ya mbali, alilisikia kwenye kituo cha mafuta huko Kentucky. Dereva mmoja alimwambia mwenzake kwamba mbele kuna mteremko mbaya, ashuke kikonokono. Mwenzake akauliza neno hilo limetoka wapi. Akajibiwa kwa uhakika kabisa kuwa lilianzishwa na mzee mmoja wa Texas, mguu wake ulikuwa mbovu.

Ardith aliweka kikombe chini.

"Si mzee, wala si Texas," akasema, akiwa ameshavuta kiti. "Sogeeni kidogo nikae."