Minza na Njia ya Kwenda Mizanini

Nakumbuka asubuhi moja pale Dutwa, mwanangu, msimu wa pamba ukiwa umepamba moto. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala la kampuni moja ya kununua pamba, wamekuja kutazama kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: njia ya saruji iliyojengwa ili mtu asiyetembea kwa miguu aingie ndani kama wenzake. Fundi Maduhu, aliyeijenga, alivaa shati lake la kanisani. Meneja wa kampuni alisimama juu, mlangoni mwa ghala, mikono kiunoni. Mimi nilikuwa chini pamoja na watu, msichana wa ustawi wa jamii wa wilaya, nimeshuka kwenye basi la Bariadi na furaha yangu haifichiki.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara ya pamba. Ushirika ulikuwa umelegea, makampuni ya watu binafsi yanaota kila kijiji kama uyoga, na kila moja ina mizani yake na maneno yake matamu. Halmashauri ikatoa agizo kwamba anayetaka kununua pamba kwetu, kituo chake kifikiwe na kila mkulima, mwenye ulemavu akiwemo. Nikapewa kazi ya kuwazungukia wanunuzi na kuwasaidia walitimize. Ukimpa mtu wa miaka ishirini na kitu agizo lenye muhuri, umempa kiboko. Lile neno "kuwasaidia" mimi sikulitazama mara mbili.

Kampuni nyingine zilinikwepa. Hii ya Dutwa ilikubali, na sababu ya kuanzia hapo ilikuwa Minza.

Minza alikuwa mjane. Miguu yake ilipooza utotoni, akawa anatembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliyopewa na mapadri. Alikuwa na shamba la pamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Kulima alilimiwa na ng'ombe wa shemeji yake, Limbu, lakini palizi na kuchuma alifanya mwenyewe, amekaa chini, anajisogeza mstari kwa mstari. Pamba yake ilikuwa safi kuliko ya wengi wenye miguu miwili. Shida ilikuwa kuuza. Ghala lile sakafu yake ilinyanyuliwa hadi usawa wa bodi ya lori, ili marobota yapakiwe kwa urahisi, na ngazi zake zilikuwa za kumtoa jasho hata mzima. Kwa hiyo Limbu ndiye aliyepanda na pamba, akashuka na habari ya kilo. Miaka yote hiyo Minza hakuwahi kuona uso wa mizani.

Limbu hakuwa mwizi, nalisema hilo mapema. Lakini mazoea yana taabu. Alianza kusema kwamba ghalani wanamjua yeye, hivyo shamba nalo liandikwe lake, na yeye ndiye atakayemlisha shemeji yake. Wazee wa ukoo walikubaliana kulikalia jambo hilo msimu ukiisha. Minza aliniambia kwa utaratibu tu, huku akifunga kilemba: "Dada, nisipoonekana nikiuza, watasema sijalima."

Basi siku ile akaja na baiskeli yake hadi chini ya ile njia, akashika mikono ya kuzungushia, akaanza kupanda.

Sasa, mwanangu, nikueleze jambo moja. Fundi Maduhu alikuwa fundi hodari, na kazi aliyosifika nayo ilikuwa ile njia ya kupakilia ng'ombe kwenye malori, kule mnadani. Huwa fupi, imesimama, na saruji yake inawekwa matuta ya kukingama ili kwato zisiteleze. Alipoambiwa na meneja ajenge mteremko wa kupandia ghalani, akajenga mteremko anaoujua. Ulikuwa imara. Ng'ombe wa mnada mzima wangeupanda bila kukosea.

Gurudumu la Minza likagonga tuta la kwanza, likaruka. La pili likakwama. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha baiskeli ikaanza kurudi nyuma, na kama vijana wawili wasingeidaka angepinduka mbele ya kijiji kizima. Minza akajifuta uso, akamtazama fundi.

"Fundi, umejenga vizuri," akasema. "Ila mimi sina kwato."

Maduhu akaangalia chini. Nilimwonea huruma, lakini huruma yangu haikudumu, maana meneja alikuwa ameshaanza kushuka. "Agizo lilisema mteremko," akaniambia. "Mteremko huu hapa. Saruji nimenunua, fundi nimemlipa. Niandikie kwamba nimetimiza." Wahenga walisema penye nia pana njia; mimi siku ile niliona njia ambayo nia yake ilikuwa kuniondoa mimi pale.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba kabla wiki haijaisha ghala lake litafungwa, na nitakuja mwenyewe na askari. Nilidhani watu watafurahi. Walikuwa wameegemea baiskeli zao zilizoelemewa na magunia, na badala ya kunitazama mimi wakamtazama Minza.

Nilimsindikiza nyumbani. Pale tulimkuta mama mkwe wake, Mayu Holo, mama mzazi wa marehemu na wa Limbu, anatenganisha ndama na mama zao. Alikuwa bibi mkali, mnusa ugoro, ambaye maneno yake hayakuwa na sukari. Nilimwamkia kwa kupiga magoti, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaitikia bila kuacha kazi. Nikamsimulia yote. Nilingoja anisifu.

"Ukilifunga lile ghala," akasema, "pamba za watu zitalala wapi?"

"Kuna wanunuzi wengine, mayu."

"Wako mbali. Mwenye baiskeli atasukuma mzigo hadi huko, na kila akipumzika njiani atalitaja jina la Minza. Wewe utapanda basi. Sisi tutabaki na majirani." Akamsukuma ndama kwa goti. "Mtoto wangu Limbu analitaka shamba hili. Ni mwanangu, nampenda, lakini shamba si lake. Siku ya kikao nakitaka kijiji kizima kiwe upande wa mkwe wangu. Na wewe unataka kumgombanisha nacho."

Akanigeukia, sasa akiwa amesimama wima.

"Na yule fundi, nani alikwenda kumwambia anamjengea nani? Mlikwenda naye kwa Minza? Mlimwona anavyozungusha?"

"Hapana, mayu."

"Sheria ni fimbo ya kuchungia, ng'wanone, mwanangu. Unayoyachunga unayataka yafike, hutaki yafe. Kesho rudi kwa huyo meneja, na mdomo wako uache hapa nikutunzie."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma. Usiku kucha niliyabishia kichwani, na kila nikiyabishia yanashinda. Hasira hasara, tuliimbishwa shuleni, lakini mpaka mtu mzima akuoneshe hasara yenyewe itamwangukia nani, ni wimbo tu.

Asubuhi nikamkuta meneja anakunywa chai. Nikamwomba radhi kwa zile kelele za jana. Nikamwambia pia kwamba agizo liko palepale, na leseni yake ya mwakani itauliza swali hilohilo. Kwa hiyo nimekuja tulimalize pamoja, kwa saruji kidogo iwezekanavyo. Akanitazama kama mtu anayekagua noti. Kisha akaniagizia chai.

Tukamwita Fundi Maduhu, tukamwita Minza. Nikamwuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa: "Ni wapi hapa Dutwa unapopanda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu?"

"Kanisani," akajibu. "Pale pa kuingilia uwanjani."

Tukaenda. Akapanda mbele yetu, akashuka, akapanda tena huku anaongea. Maduhu akalala kifudifudi na kamba yake na pimamaji, akapima kimo, akapima urefu, akapiga mluzi. Kumbe kwa kimo kidogo tu unahitaji urefu mkubwa. Tuliporudi ghalani akauchora kwa kijiti: mteremko ulitambaa mbele ya ghala lote, ukakunja kona, ukaendelea.

"Huo si mteremko, hiyo ni barabara ya kwenda Lamadi," meneja akasema.

Nilitaka kuwaka. Nikamkumbuka Mayu Holo. Nikamwonesha wakulima waliokuwa wanashusha magunia kwenye baiskeli, wanasaidiana wawili wawili kuyapandisha ngazini, foleni imesimama nyuma yao. "Kwa njia hii baiskeli itapanda na mzigo wake," nikamwambia. "Na mkokoteni. Na wazee, ambao sasa wanakwenda kwa mwenzako mwenye ngazi fupi." Akaihesabu ile foleni kwa macho. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akihesabu ujue kuna jambo anapima.

Minza ndiye aliyemaliza. "Nikishafika juu, mizani iko wapi?"

Tukainua macho. Ilikuwa mizani ya saa, inaning'inia kwenye boriti, uso wake uko usawa wa mtu mrefu aliyesimama.

"Basi mtakuwa mmenipandisha nikaangalie kitako cha gunia," akasema. Meneja akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akamwita karani wake ashushe mnyororo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa na agizo, fundi alikuwa na pimamaji, meneja alikuwa na saruji, na wote watatu tulikuwa tumeisahau mizani.

Yale matuta yakabomolewa, na njia mpya ikajengwa kama ilivyochorwa. Vijana wa kijiji walisomba kifusi, maana ndivyo tunavyofanya kwetu, ukisikia jirani ana kazi unachukua jembe. Lakini saruji na ufundi vilibaki juu ya kampuni, hilo sikulegeza. Mayu Holo alikuja kukagua, akanusa ugoro, akasema kazi imenyooka.

Siku Minza alipouza pamba yake, alipanda taratibu, akipumzika kwenye kona. Limbu alimfuata nyuma anasukuma baiskeli iliyobeba magunia. Gunia likaning'inizwa. Karani, kwa mazoea, akamgeukia Limbu na kuanza kumsomea kilo.

"Nisomee mimi," Minza akasema. Kisha akasogea mbele. "Au acha. Nasoma mwenyewe."

Akasoma, tarakimu moja moja, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. Gunia hadi gunia. Karani akauliza jina la mkulima, naye akalitaja lake na la baba yake. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi la pamba machoni.

Limbu alikuwa amesimama pembeni na kamba za magunia mkononi, anazikunja na kuzikunjua. Mzigo wa mwisho uliposhuka, akainama kidogo kumwelekea Minza.

"Shemeji," akamwuliza, "mwakani unataka nianze kukulimia upande gani?"

Kikao cha ukoo hakikuitishwa tena.

Haya, mwanangu, sasa nawe umepata kazi hiyohiyo. Nasikia sheria ya siku hizi ni nene, ina vifungu vya kutosha, na unatumwa kwenye mabenki, stendi na mahospitali. Nimefurahi. Ninachokuusia ni hiki: usiende ofisini kwa mtu kabla hujakaa na yule anayezuiwa mlangoni. Kuuliza si ujinga. Mfuate tangu barabarani hadi kwenye kile hasa alichokijia, maana mlango si mwisho wa safari. Mwenye ofisi usimwogope wala usimdhalilishe. Wengi wao si wabaya, hawajaoneshwa tu, na asiyeoneshwa hujenga anachokijua. Umwoneshe. Akikataa baada ya kuoneshwa, hapo simama na sheria yako wala usirudi nyuma hata hatua. Lakini kabla hujaichapa fimbo, tazama kwanza itamwangukia nani. Na kazi ikiisha, usitafute kusifiwa. Simama pembeni, msikilize mwenye haki akilitaja jina lake.

Nenda basi. Mungu akupe subira siku utakapokasirishwa na ujasiri siku utakapobembelezwa, akujalie wenzako wa kazi wanaosema kweli, na kila utakakopita aache nyuma yako watu wanaojisemea wenyewe. Wabeja, asante, mwanangu.