Tuligombania Benki Kuu Isiyokuwepo, Nikampoteza Wafula

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba nilimpoteza Wafula. Kosa ni langu, na nalisema hapa kwa sababu chumbani hakuna tena wa kumwambia.

Mnajua tuligombania nini? Mwanamke? Hapana. Benki kuu! Ile moja ya nchi zote za Afrika Mashariki, yenye sarafu moja, ambayo mpaka leo hatujaiona. Sisi walinzi wa mageti ya Doha tuliona wakubwa wanachelewa, tukaianzisha wenyewe kambini Sanaya, kule kwenye viwanda, chumba cha vitanda sita. Mimi, wa darasa la saba, nikawa mtaalamu wa uchumi!

Mimi Mtanzania nikasema ikae Arusha. Wafula, Mkenya wa Bungoma, akasema Nairobi.

"Huko Arusha mtafungua saa nne, mkunywe chai kwanza," akanicheka.

"Na Nairobi mtaiba hadi mlango!"

Mkameruni wa kitanda cha juu, aliyejifunza Kiswahili kwa kelele zetu, akachungulia. "Sisi na majirani tunayo moja, tangu mimi sijazaliwa. Na bado nalala hapa, nanusa soksi zenu."

Tungecheka, yakaisha. Lakini mtaalamu akubali kushindwa? Nikamwambia Wafula mbele ya wote, "Mtu anayekula unga wa wenzake kila mwisho wa mwezi atanifundisha mimi benki?"

Nilijua mshahara wake unaishia kwenye dawa za mama yake. Nilijua, na bado nikasema!

Tangu siku ile akawa anapika peke yake. Nami nikakaa kama gavana wa benki, nikisubiri aje aniombe radhi.

Alikuja, Ijumaa hiyo asubuhi, ameshika kifua. "Jirani, nisindikize kliniki. Sijiskii poa."

"Mwambie gavana wako wa Nairobi," nikamjibu, nikageukia ukuta.

Jibu zuri, eh? Nililala nalo nikitabasamu. Wafula akaenda peke yake, akaanguka kituoni, kwenye jua lile, kabla basi halijafika.

Daktari alisema ni moyo. Sibishi. Hakusema wa nani.

Nanyi mnaonuniana kwa mambo ya wakubwa, endeleeni tu, watawaletea zawadi! Ila rafiki akikuomba umsindikize, vaa viatu kwanza. Ubishi utaukuta palepale.

Mwili ulisafirishwa, wakamzika kwao. Jana mama yake akanipigia. Nilijua nalaaniwa.

"Ni wewe yule Mtanzania wa benki?" akauliza. "Wafula alikuwa ananipigia akicheka. Anasema jirani yake ni mbishi, lakini atamshinda tu. Mwishowe mliiweka wapi?"

"Kwenu, mama. Nairobi."

"Haya," akasema. "Nitamwambia."