Puti ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi bodi wa magari, na mtaa mzima unamwita Puti, maana tundu likipita mbele yake haliachwi wazi, lazima alizibe kwa puti, ule ujiuji mzito wa kujazia mabati ya magari. Ufa wa ukuta, puti. Mlango wa panya, puti. Hata mguu wa kitanda chetu una puti. Namcheka, lakini kitanda hakilii.

Pikapu yetu ni kuukuu, nayo ndiyo miguu yangu. Nauza miche ya maua. Bila pikapu nitaibeba na nini, kichwa chenyewe kimoja? Milango yake ilishaliwa na kutu mara mbili, na mara zote lawama zilikuwa zangu. "Wewe na ndoo yako! Unaiosha kila siku kama sahani, itapona vipi?" Akanipiga marufuku kuiosha. Miaka sita nikawa napeleka maua kwa watu na gari la matope. Aibu gani hiyo! Na kutu ikarudi vilevile.

Wiki iliyopita mlango wa kushoto ulitoboka tena. Puti akatupa msasa chini. "Basi, mke wangu. Nimeshindwa. Jumamosi inakwenda chuma chakavu."

Roho iliniuma, na hasira zikanipanda. "Ufungue mlango kwanza! Mgonjwa anazikwa kabla hajapimwa?"

Akabandua kava ya ndani huku akinung'unika. Nikammulikia tochi. Lo! Ndani ya mlango mmesimama maji, kina cha kidole, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne nyuma. Akapapasa ukingo wa chini, pale penye vitundu vya kutolea maji. Vyote vitatu vimezibwa kwa puti, na juu ya puti kuna alama ya kidole gumba chenye kovu katikati. Kidole hicho nakijua, ndicho kilichonivisha pete.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Ni mimi," akasema taratibu. "Nilitaka maji yasiingie."

"Kwa hiyo ukayafungia ndani!"

Nilitaka kugomba, kicheko kikaniwahi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tairi.

Akazibua vitundu vya milango yote miwili kwa bisibisi, maji ya kahawia yakamwagika. Siku tatu alisugua kutu kwa brashi ya waya, akakata palipooza, akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na mlango ulipokauka akapuliza oili mle ndani. Puti kidogo alitumia, ya kulainisha maungio tu. Vitundu hakuvigusa.

Jumamosi asubuhi nikaikuta pikapu imeegeshwa karibu na bomba. Puti amesimama kando, mkononi ana ndoo yangu na kitambaa.

"Ioshe, mke wangu. Nilikuonea."

Miaka sita nimelingoja neno hilo. Nikaiosha juu hadi chini, na maji yote yaliyoingia milangoni yakatoka. Ndoo ya mwisho nikammwagia yeye miguuni, na hakusogea.