Pembe ya Ojok

Filda alikataa kuweka matanga. Mwaka mzima wakwe zake kule kaskazini walimtumia salamu kwamba mumewe Ojok aliliwe, watu wapumzike. Naye akawajibu vilevile kila mara: mtu ambaye huenda yu hai hamlilii, asije akamchimbia kaburi kwa machozi.

Ojok alikuwa sajenti. Asubuhi moja mwaka wa sabini na mbili aliitwa kambini. Akavaa sare, akatia mfukoni pembe yake ya swala ya kupuliza, akatoka nyumbani kwao Makindye, asirudi.

Ndipo Rosalba, dada yake Ojok, akaja na habari za sokoni Nakivubo. Ile ngome ya wakoloni kando ya ziwa, jeshi limeigeuza makumbusho. Humo mna pembe.

"Pembe ni nyingi, wifi," Filda alisema.

"Basi twende, ukanicheke."

Ndani mlikuwa na mizinga yenye kutu, na picha za askari waliopelekwa Burma. Mwishoni, juu ya meza, pembe. Filda aliutambua ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kisha akaiona nta aliyozibia ufa yeye mwenyewe, siku mwanawe alipoiangusha ikapasuka.

Mlinzi, Koplo Wahabi, aliwaona wamesimama. "Mama nataka sikia sauti yake?" Hakungoja jibu, akaipuliza.

Kwao kaskazini kila mwanamume ana pembe yake na mlio wake, na mwingine haigusi kwa midomo. Mwanawe aliwahi kujaribu, akapigwa kofi na babake. Filda alijikuta anasubiri mtu akemee kutoka mlangoni. Mlio ulizunguka kuta za mawe, ukatoka dirishani, ukapotelea ziwani. Hakukemea mtu.

"Nzuri?" Wahabi aliuliza.

"Nzuri. Mwenyewe ni nani?"

Wahabi alitazama mlango. Akaifuta pembe kwa mkono wa shati, akairudisha mezani taratibu. "Mama, hiyo hapana uliza."

Walitembea kando ya maji. Rosalba hakucheka, wala hakuchekwa.

"Wifi," Filda alisema hatimaye, "Nakivubo bado kuna ulezi?"

"Upo."

"Tununue wa pombe ya watu wengi, uupeleke nyumbani kaskazini. Waambie wamlilie kwa sauti. Mimi huku Makindye nitalia kimya."