Siku Darasa la Sita Lilipopanda Ngong

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Mbeya, na sikuwahi kuvuka mpaka, nilipokubaliwa kujitolea miezi mitatu katika shule moja ndogo ya Laini Saba, mtaani Kibera, Nairobi. Mwalimu mkuu, mama mcheshi mwenye asili ya Kakamega, alinipa chumba nyumbani kwake, mtaa jirani wa Kabiro. Kila asubuhi tulitembea pamoja hadi Kibera, yeye akisalimiana na kila fundi, mimi nikigeuza shingo huku na huku kama mtoto sokoni.

Siku ya kwanza nililiambia darasa la sita, "Hamjambo wanafunzi wapendwa? Tafadhalini ketini."

Wakaangua kicheko. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Ticha, hiyo Kiswahili yako ni ya mtihani. Huku tunasalimiana 'sasa'."

"Na mtu anajibu nini?"

"Fit!" darasa zima likapaza sauti.

Tukapatana: mimi niwafundishe darasani, wao wanifundishe Kiswahili chao wakati wa mapumziko. Nilikuwa mwanafunzi mzito. Kila neno nililolishika, wao walikuwa wameshaliacha.

Asubuhi moja, tukipita kituo cha Olympic, niliona vilima vya Ngong vimejitokeza wazi upande wa magharibi. Nikauliza darasani nani amewahi kufika.

"Tunazionanga tu," yule msichana akasema.

Nilipomwambia mwalimu mkuu tuwapeleke, hakungoja. Aliita wazazi, akaazima basi la kanisa, na Jumamosi tukaondoka na ndoo mbili za chapati walizopika akina mama.

Tulipanda saa nzima tukihema. Kileleni, ukungu. Hatukuona hata mtu aliyesimama hatua kumi mbele.

"Tumekuja kuona moshi?" msichana akauliza, na baadhi yao wakakaribia kulia. Nilijisikia vibaya, maana wazo lilikuwa langu. Tukakaa kwenye nyasi zenye maji tukala chapati.

Ndipo upepo ukavuma kwa nguvu, ukungu ukapasuka, na Bonde la Ufa likafunguka lote chini yetu, pana, la rangi ya udongo, halina mwisho. Watoto walipiga mayowe. Mimi pia nilipiga.

Msichana akanivuta mkono. "Ticha, kwenu ni wapi hapo?"

Nikaonyesha kusini. "Nyuma ya ule mlima wa mwisho, halafu mbali tena."

"Na ulikuja hiyo yote juu yetu?"

"Ndiyo, kwa ajili yenu."

Akacheka, akawakimbilia wenzake mteremkoni. Mwalimu mkuu alivua viatu, akawafuata mbio huku akipiga vigelegele. Nami nikakimbia.

Jioni nilimpigia mama yangu simu, nikamwambia naomba kubaki muhula mmoja zaidi.

"Umepata mchumba?"

"Hapana, mama. Watoto wanataka twende Ziwa Naivasha."