Mama Precious Ajifunza Kuteleza Juu ya Reli

Jumanne ile, wiki ya mwisho ya shule, gari la taka lilipita saa moja na nusu asubuhi, mapema kuliko kawaida yake, na hilo ndilo lililomponza Pelagia. Alikuwa ameuchomeka ubao wa bintiye kwenye pipa la taka, kichwa chini, nusu yake ikichungulia nje, ili Precious akitoka kwenda shule auone ashtuke. Nia yake ilikuwa kumtisha, basi. Halafu wangeurudisha ndani na maneno yangeishia hapo. Lakini akiwa jikoni anachuja chai alisikia mkono wa chuma wa lile gari ukilinyanyua pipa, na alipofika barabarani, khanga mkononi, gari lilishakata kona.

Ulikuwa ubao wa kutelezea kwenye theluji, ule mmoja wa kufunga miguu yote miwili na kusimama ubavu. Precious aliununua mwenyewe baada ya kuuza barafu za rangi viwanja vya mpira majira mawili ya joto. Theluji DeSoto, huku Texas, hakuna, ikianguka siku moja kwa mwaka watu wanatangaza msiba. Lakini Fort Worth palikuwa na kilima cha kutengenezwa, kimetandikwa mikeka ya plastiki yenye manyoya magumu kama ya brashi ya kusugulia sakafu, na katikati yake wamepanga maboksi marefu na reli za chuma. Vijana wanashuka na mbao zao, wanaruka juu ya reli, wanateleza mpaka mwisho. Precious alikuwa akienda huko kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwambia mama yake kwamba hatakwenda chuo. Kambi moja ya milimani, Colorado, imemkubali akafundishe watoto.

"Sikunyanyua wagonjwa miaka kumi na minne ili wewe ukateleze," Pelagia alimjibu. Alikuwa muuguzi, na mgongo wake ulikuwa shahidi.

Sasa Precious alisimama mbele ya pipa tupu. Hakulia. Mama yake alianza kueleza habari ya gari kuwahi, na jinsi ambavyo hakukusudia, na maneno yakawa yanamtoka ovyo.

"Okay," Precious alisema.

Ijumaa alikuwa Houston, mtaa wa Gulfton, kwa baba yake Melkiori, ambaye alikuwa ameachana na Pelagia mwaka wa sita huo. Simu za mama hakupokea. Mara mojamoja aliandika, "Nipo salama," na hilo neno Pelagia alilisoma mpaka likapoteza maana.

Nyuma ya nyumba Precious aliacha boksi alilolitengeneza mwenyewe: fremu ya mbao, juu kipande cha plastiki nyeupe, mbele mteremko wa kushukia uliofunikwa zulia la kijani. Jumapili moja, katoka misani, Pelagia alilipanda na viatu vyake vya kanisani. Hakuwahi kuligusa kabla ya hapo. Hata hatua moja hakuimaliza. Miguu ilikwenda mbele, mgongo ukaenda chini, akabaki chali kwenye nyasi anatazama mawingu. Alilala pale muda mrefu. Akafikiri, kitu hiki kimeniangusha kufumba na kufumbua, na mtoto wangu alikuwa akisimama juu yake. Aliona aibu ya namna ambayo hakuijua bado, aibu ya mtu aliyetupa kitu bila kujua ni nini.

Hapo ndipo alipoamua kujifunza. Aliona kwamba akijua, atakuwa na neno la kumwambia mwanawe.

Pale kilimani mwalimu wa wanaoanza alikuwa Rogers, Mkenya wa Kakamega, mtu wa makamo mwenye goti bovu, aliyefanya kazi kwenye lifti za kupandisha watu milima ya theluji Colorado zaidi ya miaka kumi. Alimtazama mama wa miaka arobaini na sita aliyevaa helmeti ya kuazima, suruali imepachikwa mito magotini.

"Mama, umekuja kuandikisha mtoto?"

"Nimekuja kujiandikisha mimi."

Rogers hakucheka, na Pelagia alimshukuru moyoni kwa hilo. Alizaliwa Marangu, theluji ya Kibo akiiona kila asubuhi tangu utoto bila kuigusa, na sasa alianza kujifunza juu ya mkeka wa plastiki unaomwagiwa maji, mwezi Oktoba, jua likiwaka.

Wiki sita za kwanza alijifunza kushuka na kusimama tu. Kisha boksi la chini kabisa, pana kama meza. "Usiangalie miguu," Rogers alimwambia. "Angalia mwisho ya boksi. Miguu itafuata macho. Na ukishapanda usiukanyage ubao upande mmoja, ukilalia ukingo tu unaanguka. Kaa flat. Kunja magoti, tulia."

Kutulia ndiko kulikomshinda. Kila alipokaribia boksi mwili ulikaza, ubao ulilala ukingo, naye akaanguka kwa nyonga ileile. Manyoya ya mkeka yalimchuna viwiko. Kazini Wacuka, muuguzi mwenzake kutoka Nyeri, alimwona akivua sweta, akashika kichwa.

"Pelagia, ni nani anakupiga?"

Alipoambiwa, Wacuka alikaa kitako. "Wewe, hiyo ni kitu ya watoto. Si u-drive tu uende Houston umwambie pole?"

"Nilimwandikia kwenye simu. Hakujibu."

"Kwa simu si kumwambia."

Pelagia alijua Wacuka anasema kweli, lakini kwenda mikono mitupu aliogopa. Mlangoni angesema nini? Aliona heri aanguke.

Januari alilimaliza boksi kwa mara ya kwanza, ubao umenyooka nalo, mikono imetandazwa kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Reli ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa bomba la chuma, nyembamba kuliko ubao wenyewe, na ilipomwangusha ilimwangusha juu yake. Februari ilimpiga mbavuni, akakaa wiki tatu bila kuweza kupiga chafya, akiwageuza wagonjwa kitandani huku amebana meno. Machi alirudi. Jumamosi ya pili ya mwezi huo alipanda, akatulia, akaisikia ile sauti ya chuma chini ya ubao, kama kisu kinachonolewa, na alipozinduka alikuwa ameshashuka upande wa pili, amesimama. Ilikuwa kama sekunde mbili. Rogers alikuwa ameirekodi kwenye simu yake. Pelagia aliketi kwenye mkeka uliolowa akalia, na Rogers akageuka pembeni akajifanya anakaza skrubu.

Wiki iliyofuata alinunua ubao mpya, akaufunga kwa kitenge, akaendesha mwendo wa saa nne hadi Houston.

Melkiori alimfungulia, akamsalimu kwa upole, kisha akapata sababu ya kwenda dukani. Precious alitoka chumbani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kumkumbatia, akaona mikono ya binti imekunjwa kifuani, akaketi. Hakujua aanzeje, basi akatoa simu, akamwonyesha ile video.

Precious aliitazama mara moja mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika. "Huyo ni wewe?"

"Ni mimi. Miezi sita nimejifunza. Na huu hapa wako, nimekuletea." Alifungua kitenge.

"Mama, nime-quit."

"Umeacha?"

"Niliacha siku ileile. Kambi niliwaambia siendi. Napanga mizigo ghalani na Baba." Aliutazama ubao bila kuugusa. "Hata chuo sija-apply, kama ulitaka kuuliza."

"Sikuja kwa ajili ya chuo. Nilitaka nijue ulichokuwa unakifanya. Tuwe na la kuongea."

Precious alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikutaka uteleze. Nani alikuambia nataka uteleze? Nilitaka uje uniangalie. Kila Jumamosi nilikuuliza, Mama utakuja? Miaka miwili. Wenzangu mama zao wanakaa pale kwenye viti. Hukuja hata mara moja."

Pelagia alizihesabu zile Jumamosi. Alikuwa akifanya kazi Jumamosi, ni kweli, lakini si zote.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Okay," Precious alisema, na Pelagia alilijua neno lile. "Nina shift saa nane. Rudi nao huo ubao, hapa hakuna nafasi."

Aliondoka adhuhuri. Kwenye barabara kuu namba arobaini na tano, karibu na Madisonville, nusu ya njia, aliingia kituo cha mafuta, akaegesha pembeni mwa pampu za hewa. Alidhani atakaa dakika tano. Malori yalikuja yakaondoka, kivuli cha bango kikahama kutoka boneti ya gari hadi mlangoni, na yeye hakuweza kuwasha injini. Hakulia. Aliyaona tu yale maisha yaliyobaki, ile nyumba ya vyumba vitatu na kazi, na hakuona aingilie wapi.

Saa kumi na nusu Melkiori alipiga simu. Alikohoa kwanza, kama desturi yake.

"Umefika salama? Precious amenitumia ujumbe kutoka kazini, ameniambia nikuulize."

"Kwa nini asiniulize mwenyewe?"

"Sijui, Pelagia. Ameniambia mimi."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akijaza upepo kwenye gurudumu. Pelagia alimtazama mpaka alipomaliza.

"Mwambie nimefika," alisema.